Kichwa cha Tulba

Tulba alikuwa mpakia makaa kwenye meli za Port Said, shingo nene kama ya fahali. Mpira wa miguuni ulimtoroka kama kuku, lakini ukishapaa hewani ulikuwa wake. Shemeji yake, Metwalli, alikuwa winga wa kulia, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumtilia krosi. Nchi ilipounda timu ya taifa ya kwanza kwenda kucheza Ulaya, waliitwa wote wawili.

Huko mvua ilinyesha mchana kutwa. Mpira wa ngozi ukanywa maji hadi ukawa kama jiwe. Metwalli akapiga krosi, Tulba akaruka, bao! Alipoinuka kipaji cha uso kilikuwa kinavuja damu na macho yamemtoka.

"Metwalli, leo tunacheza na nani?"

Timu nzima ikaangua kicheko. Kisa hicho kilichekesha mikahawa ya Port Said miaka nenda miaka rudi. Sabriya, mke wa Tulba na dada yake Metwalli, aliposimuliwa hakucheka.

"Mkamwacha aendelee?"

"Kaongeza la pili, dada! Mumeo ana kichwa cha chuma."

Chuma hicho Sabriya ndiye aliyekikanda kwa kitambaa cha siki kila baada ya mechi, Tulba akiuma mto kwa maumivu.

"Acha mpira, baba Hosni."

"Nikiacha nitakuwa nani? Mbeba makaa?"

Akacheza mpaka mvi zikamwota. Kisha akaanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai. Akapanda kivuko cha Port Fuad, ng'ambo ya mfereji, akavuka na kurudi, akavuka na kurudi, hadi nahodha akamshika mkono akamleta nyumbani. Alasiri moja akampiga Sabriya kwa kiatu cha mti, akipiga kelele kwamba mwizi kaingia ndani. Tangu waoane hakuwa amemwinulia mkono. Majirani wakasema ni pepo, apigiwe ngoma. Zikapigwa, na Tulba akalia kama mtoto.

Ndipo Metwalli akaja, kapendeza, kanzu imepigwa pasi.

"Klabu inafungua jukwaa jipya, dada. Watu wanataka kumwona."

"Wamwone nini? Hata mimi hanijui."

"Apunge mkono tu, basi. Wanampenda."

"Mpira usimkaribie. Niapie."

"Wallahi."

Sabriya akampeleka mwenyewe, akasimama kwenye lango la uwanja. Umati ulipomwona Tulba ukawaka: "Kichwa! Kichwa!" Mtu akarusha mpira, ukabingirika hadi miguuni mwa Metwalli, mzee mwenye kitambi sasa. Akautazama. Akamtazama shemeji yake, ambaye tayari alikuwa ameingia mbele ya goli, mkono juu.

Metwalli akapiga krosi.

Tulba aliruka kama kijana. Nyavu zikatikisika na jukwaa likanguruma. Yeye akaanguka chali, miguu ikitapatapa kama ya mbuzi aliyechinjwa.

Sabriya alikimbia hadi kati ya uwanja, ushungi umemdondoka.

"Uliniapia!"

"Aliniita, dada," Metwalli akasema. "Kaniita kwa jina langu. Mwaka mzima hajanijua."

Tulba hakusema tena. Akakataa kula kutoka mkono wa mtu yeyote, hata wa mkewe; ilikuwa ni Metwalli tu akishika kijiko ndipo kinywa kinafunguka. Kwa hiyo kila asubuhi Sabriya alimfungulia ndugu yake mlango, akamkabidhi bakuli la maharage yaliyopondwa, akapanda darini kuanika nguo mpaka amalize.

Tulba alifariki majira ya upepo wa vumbi. Viongozi wa klabu wakaja na bendera ya kufunika jeneza, pamoja na mpiga picha. Sabriya akasimama mlangoni, akaitandaza mikono yake.

"Nyinyi mlishashangilia," aliwaambia. "Rudini kwenu."

Wakaondoka. Metwalli alibaki barabarani, kofia mkononi, hajui kama naye ameambiwa aondoke. Sabriya alimtazama kitambo, kisha akaingia ndani na kuuacha mlango wazi, kwa sababu maiti alihitaji wa kumwosha.