Nguo Zilizoanikwa Kando

Nesi alipoolewa alijua kupika na alijua kuchoma sindano mtu asilie, lakini kufua hakujua. Nguo zote alizitia beseni moja, akamwaga sabuni ya unga bila kipimo, akasuuza mara moja na kutupa kambani. Mama mkwe wake, alipohamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, aliitazama ile kamba siku nzima. Kesho yake akaomba aachiwe nguo.

Hakuomba kwa kujipendekeza. Maisha yake yote alikuwa amefua shuka katika nyumba ya wageni, na watoto wake wawili, huyu fundi wa majokofu aliyemwoa nesi na dada yake mshonaji, walilishwa na kusomeshwa na sabuni. Fundi alimwambia mkewe amwache mama afanye anachokijua. Nesi hakubisha, mtu gani hukataa kufuliwa?

Nyumba ikabadilika harufu. Mama hakuchanganya nyeupe na za rangi, na nguo mpya nyekundu aliiloweka peke yake mpaka iache kuchuja. Mashati aliyageuza nje ndani kabla ya kuyaanika, na za rangi aliziweka kivulini. Jua aliliachia shuka na foronya. Taulo zikianza kunuka uvundo alitia siki kidogo kwenye maji ya mwisho, na kabla ya kuzitundika alizikung'uta mpaka zikapiga kelele kama bendera. Foronya iliyoanuliwa mapema aliipeleka shavuni, akatikisa kichwa. "Hii imekauka mdomoni tu," alikuwa akisema, na kuirudisha kambani.

Fundi alipoleta mashine ya kufulia, mama aliiangalia ikizunguka, akauliza kama uchafu nao hupata kizunguzungu. Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Walipendana, kusema kweli. Jioni, nesi akitoka kliniki ya macho alikofanya kazi, walikaa wawili kukunja shuka, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakikutana katikati, na nesi akimsimulia habari za wagonjwa wake.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo, kidogo kidogo. Mama akawa analalamika kwamba nyeupe za nyumba ile zinageuka manjano. Alilaumu maji, akalaumu sabuni, akasema siku hizi hata sabuni ni za kudanganyia watoto. Nesi alitazama zile shuka akaziona nyeupe pe, akadhani ni maneno ya utu uzima. Mama akaongeza buluu, ile rangi ya kung'arishia nguo nyeupe, kwenye maji ya kusuuzia. Zamani alikuwa akitia tone moja, kiasi cha kuyapa maji rangi ya mbingu asubuhi. Sasa alitia hadi mkono ukizama hauonekani. Foronya zikatoka na mabaka. Soksi za fundi zikarudi hazifanani, moja ya kijivu na moja ya kahawia, naye akazivaa hivyo hivyo, akasema kwenye viatu hakuna anayeingia kukagua.

Nesi hakuwa na ucheshi huo. Kliniki ilikuwa na upungufu wa watu, na yeye alirudi nyumbani miguu imevimba. Asubuhi moja, siku ambayo wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, alivaa sare yake mbiombio bila kuitazama. Alipofika penye mwanga ndipo alipoona kwamba mgongo wote na mkono mmoja wa sare vimeingia buluu. Mkuu wa kliniki alimuuliza, mbele ya wageni, kama amehamia jeshi la majini. Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini moyoni alikuwa anawaka.

Alirudi nyumbani na moto ule ule. Mama alikuwa uani, anapapasa kamba kutafuta vibanio. Nesi alimwekea sare mkononi.

"Mama, kuanzia leo nguo zangu usiziguse," alisema. "Kama umechoka, pumzika. Si lazima uniharibie vitu ndiyo ionekane kwamba upo."

Mama aliisogeza ile sare karibu na uso, karibu sana, kama mtu anayenusa.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, akaikunja na kumrudishia.

Fundi alipopata habari alimwomba mkewe aende akaseme neno la kupoza. Nesi alijibu kwamba ataenda, hasira zikitulia. Zilitulia, lakini hakwenda; kila siku ilipopita lile neno likawa gumu zaidi, na kunyamaza kukawa rahisi zaidi. Mama hakununa. Alisalimia na kuitikia, akala kilichopikwa na kushukuru. Ila alifua nguo zake tu, kanga zake na shuka yake moja, na kuzianika kando kabisa, kwenye waya wa ua, mbali na kamba ya nyumba. Jioni nesi alikunja shuka peke yake, akishika ncha kwa kidevu. Mama alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Nesi alijua kwamba angemwita tu, angekuja. Hakumwita.

Mshonaji alipokuja kusalimia na kuona kanga zile kwenye waya, hakuuliza kitu. Alimwambia kaka yake kwamba anamchukua mama akapumzike kwake kwa muda. Mama alifungasha vitu vyake vikaingia mfuko mmoja. Muda ule haukuisha. Kila fundi alipokwenda kumfuata, mama alisema ngoja kwanza, huku kuna kazi ya kumsaidia dada yako. Taulo za nyumba ya nesi zikarudia uvundo wake wa zamani.

Mvua zilipita, na kiangazi kikaingia. Asubuhi moja kliniki ilikuwa imejaa hadi barazani, na nesi alikuwa chumba cha kupimia, penye ubao wa herufi zinazoelekea huku na huku, mgonjwa akizionyesha kwa kidole. Aliita anayefuata bila kuinua kichwa, akiandika ya aliyetoka. Akamwambia akae, afunike jicho la kushoto, aseme herufi ya juu inatazama wapi. Mgonjwa alikaa, akafunika jicho.

"Ubao wenyewe uko wapi, mwanangu?"

Nesi aliinua macho. Mama mkwe alikuwa amekaa wima kwenye kiti, kiganja juu ya jicho, akitazama dirishani. Nyuma yake mshonaji alisimama akishika mkoba wa mama yake, na hakumsalimu wifi yake.

Nesi alijaribu kuendelea na kazi. Alimsogezea vidole, akauliza ni vingapi. Alimmulika kwa tochi na kuona ule ukungu wa mtoto wa jicho, mzito, wa rangi ya chai. Kila wiki aliwaeleza jamaa za wagonjwa kwamba mwenye tatizo hili huona vyeupe vyote vimeingia manjano. Alikuwa akiyasema hayo kazini, halafu anarudi nyumbani na kukasirikia buluu.

Daktari alipima akasema jicho la kulia litafanyiwa upasuaji na litaona. La kushoto lina presha ya muda mrefu, na mshipa wake umekufa. Angelipata dawa mapema lingeokoka. Alimuuliza mshonaji kama nyumbani hakukuwa na mtu wa kuliona hili. Nesi ndiye aliyejibu, kwamba mtu huyo alikuwepo, naye ni yeye.

Upasuaji ulikwenda salama. Bandeji ilipotolewa, nesi alikwenda nyumbani kwa wifi yake, akamkuta mama amekaa karibu na cherehani akichambua vifungo kwa rangi, kimoja kimoja, kama anayeonja. Mshonaji aliondoka chumbani. Nesi alipiga magoti, akasema alichopaswa kusema siku nyingi: kwamba alimkosea, kwamba ulimi wake ulimtangulia, na kwamba anaomba radhi.

Mama alimtazama usoni kwa jicho lake zima.

"Umekonda," alisema kwanza. Halafu akaweka vifungo chini. "Nilijua sioni sawasawa. Nilikuwa nakungoja wewe. Nikasema, huyu kazi yake ni macho, kama kuna jambo ataniambia. Mwenye macho haambiwi tazama."

Nesi alilia. Mama alimshika bega, akamwambia radhi ameshatoa, hata kabla hajaombwa, na asiwe anajitesa. Lakini nesi alipomsihi warudi pamoja, chumba chake kipo, kitanda kimetandikwa, mama alitikisa kichwa taratibu.

"Hapa nimeshazoea. Ukipata nafasi njoo. Njoo tukae."

Anakwenda, siku zake za kupumzika. Hupokelewa vizuri na hupewa chai, na mama humuuliza habari za kazi. Wifi yake siku hizi humsalimu. Lakini akiondoka husindikizwa hadi mlangoni kama mgeni. Mara ya kwanza aliporudi kutoka huko, mumewe alikuwa uani anafungua jokofu la mteja. Alimuuliza kama mama anarudi. Nesi akasema harudi. Fundi aliitikia kwa kichwa, akainamia tena kazi yake, na mkewe akaingia ndani kuanza kupika.