Amana ya Muosha

Mwaka ule Bi Maulida aliosha maiti watatu wa kike kutoka Makao ya Wazee ya Tulizo, na wote watatu walikuwa na tundu mgongoni.

La kwanza, la bibi mmoja wa Mbwara, lilikuwa na ukubwa wa kikombe cha kahawa, pale kiuno kinapoishia. La pili liliingia ngumi. Kwa wa tatu aliuona mfupa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka mwenziwe akamwuliza kama maji yamekwisha. Akasema hapana. Akaliziba kwa pamba na kafuri, akamvisha marehemu sanda, akatoka kwa wanawake waliokuwa mkekani na uso wake umetulia. Ndivyo kazi ya muosha ilivyo. Jema aliloliona atalisema, baya atalifukia pamoja na mwenyewe. Aliirithi kazi hiyo kwa mama yake, na kwa miaka thelathini hapakuwa na nyumba, toka Kibiti hadi Ndundu, iliyosikia siri ya mwili ikitoka kinywani mwake.

Lakini ndani ya Tulizo alikuwamo wifi yake.

Habiba alikuwa dada wa marehemu mumewe, Mtoro. Mafuriko yalipoichukua nyumba yake kule Chumbi, Nasor, mwana wa Habiba, alikuja kutoka Dar es Salaam akampeleka Tulizo, maana miguu ilikuwa imekwisha nguvu, na Maulida kwa kiuno chake kibovu asingeweza kumnyanyua. Kila Ijumaa, akishasali adhuhuri, Maulida alimpelekea uji. Miezi miwili sasa Habiba alikuwa hataki kugeuzwa. Alilala chali, shuka mpaka kidevuni, na chini ya kitanda wahudumu walifukiza udi. Ndani ya moshi wa udi ule Maulida aliisikia harufu aliyoijua.

"Wifi, hebu nikutazame mgongo," alimwambia Ijumaa moja.

"Unautakia nini? Umekuja kunipima sanda? Mimi mrefu, bibi we, kitambaa kitakupungukia."

Wakacheka wote wawili. Kisha Habiba akashusha sauti. "Mwenye makao, Bwana Hemedy, katwambia, wakubwa wakijua, wanafunga. Wakifunga mimi naenda wapi? Nikalale barabarani nisubiri malori ya Lindi? Niache. Hiki kidonda ndicho chenye kitanda, mimi mpangaji tu."

Jioni ile Maulida alimwendea Mwalimu Yussuf, imamu wa msikiti wao. Hakumtajia mtu. Aliuliza tu, muosha akiona jambo mwilini lililofanywa na mikono ya watu, alifanyeje?

"Asitiri, mama. Mwenye kumsitiri mwenziwe, Mungu humsitiri."

"Na kama liko kwa mwingine ambaye bado yu hai?"

Mwalimu akatazama saa ya ukutani, akasema adhana imekaribia. Maulida akajifunga kanga yake vizuri, akarudi nyumbani na swali lake.

Haukupita mwezi, habari zikaja kuwa wakaguzi wa wilaya watapita Tulizo siku ya Jumanne. Zilikuja siku kumi kabla, na siku kumi zinatosha kupaka chokaa. Bwana Hemedy alifika mwenyewe kibarazani kwa Maulida, kofia ya kazi ya mkono kichwani, akakataa kiti kwa adabu mpaka alipobembelezwa.

"Fomu yao ina mahali pa mwanajamii," alisema. "Nikawaza, nani anaheshimika kukuzidi wewe? Utasema tu tunavyowaenzi wazee wetu mpaka mlango wa kaburi. Mengine, si wewe mwenyewe muosha? Amana unaijua."

Akatabasamu. Maulida akaelewa kwa nini hakuchaguliwa mwenye duka wala mwalimu wa shule. Hemedy alikuwa ametafuta kinywa ambacho tayari kimeshonwa.

Jumanne hiyo Tulizo ilinuka chokaa na dettol. Kila kitanda kilikuwa na shuka jeupe lenye mikunjo ya sandukuni. Mzee Ismaily, aliyekaa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu, alimvuta Maulida kanga.

"Umeona, Bi Maulida? Leo tunaolewa. Nguo mpya, wali wa nazi, na bwana harusi anatoka wilayani."

"Mzee, kaa kimya wasikusikie."

"Wasikie nini? Kesho shuka linarudi sandukuni, nami narudi kulalia mpira mtupu. Ndoa ya siku moja, talaka tatu!"

Wakaguzi walikuwa wawili. Bwana afya, kijana, alikwenda moja kwa moja chooni, akapima upana wa mlango, akatikisa mtungi wa kuzimia moto, akaandika. Mwenziwe, afisa ustawi wa jamii, aliitwa Bi Mwanaidi. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na alipita kitanda kwa kitanda akimwuliza kila mtu kama anatunzwa. Nyuma yake hatua moja alikuwa Hemedy. Kila mtu akajibu, vizuri, alhamdulillahi.

"Mimi hapa niko peponi, mwanangu," Habiba alimwambia. "Bado huo mto wa maziwa tu."

Afisa akacheka, akaandika. Kisha akamgeukia Maulida.

"Bibi, wewe ndiye jirani?"

"Ndiye anayewaosha marehemu wetu wa kike," Hemedy akadakia. "Mtu wa dini sana."

Kalamu ya afisa ikasimama. "Mwaka huu umewaosha wangapi wa hapa?"

"Watatu."

"Ukaona nini?"

Maulida aliwaona wale watatu, mmoja baada ya mmoja, kama aliowalaza jana.

"Ya maiti siyasemi," alijibu.

Hemedy akashusha pumzi. "Muosha ana amana, afisa. Ndiyo dini yetu."

"Naelewa," alisema Bi Mwanaidi, na kweli alielewa, maana naye alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. "Hilo tunaliheshimu." Akaifunika kalamu.

Ilikuwa heshima ya kweli, na ndiyo iliyomtia Maulida uchungu. Mtu huyu alikuwa anaondoka kwa sababu ya adabu. Gari lingewashwa, shuka zingekunjwa, na Habiba angelala juu ya tundu lake mpaka siku watakapomletea amwoshe.

"Ya maiti siyasemi," alirudia. "Lakini huyu yu hai. Wanaume watoke."

"Afisa," Hemedy alisema haraka, "mgonjwa ana haki ya stara yake. Muulize mwenyewe."

Bi Mwanaidi akainama kitandani. "Bibi, unakubali tukutazame mgongo?"

"Sikubali."

"Akikataa siwezi, bibi," afisa alimwambia Maulida taratibu. "Taratibu zetu ndivyo zilivyo."

"Sawa. Taratibu zenu zisimguse. Nitamgusa mimi."

Bwana afya alikuwa amekwisha kutoka. Hemedy alisita kizingitini, Maulida akaurudisha mlango, naye akajikuta yuko nje. Kisha Maulida akapitisha mkono mmoja chini ya bega la wifi yake na mwingine chini ya nyonga, kama alivyofundishwa na mama yake, na kiuno kilichokuwa kikimsumbua mwaka mzima hakikumsumbua.

"Niache! Wifi, niache, nakuomba! Watu hawa!"

Maulida akaendelea kumgeuza. Kazi ile haina majibizano.

"Unanigeuza kama maiti, Maulida!"

Habiba hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu siku ya ndoa. Shuka jeupe lilikuwa limeganda, likabanduka na ngozi. Bi Mwanaidi akaziba mdomo kwa mtandio, akatazama mara moja tu, akatoka kibarazani kupiga simu. Ndani, Habiba alilia kwa sauti ndogo, uso ukutani, na Maulida akamfunika upesi kwa kanga yake mwenyewe.

Gari lilimchukua Habiba siku ile ile kwenda hospitali. Tulizo haikufungwa. Ilipewa siku tisini ijirekebishe na ipunguze watu wabaki kumi, ikawapunguza. Mzee Ismaily alirudishwa kwa mpwawe, aliyemtandikia kwenye stoo ya mbolea, na huko hakuna mkaguzi.

Mtaani maneno yalitembea kwa miguu minne. Bi Maulida kamfunua wifiye mbele ya serikali. Leo wifi, kesho mimi. Mwezi wa Shaban ulipofika, walikuwa wamekufa wanawake wanne mtaa ule, na mara zote nne aliitwa muosha mwingine. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia, wakamwuliza kiuno, wakapita.

Kila Ijumaa alikwenda hospitali na uji wake. Habiba aliunywa, maana uji hauna kosa. Kisha aligeukia ukutani. Aliporuhusiwa, Nasor alimpangia chumba hapo hapo Kibiti na mtu wa kumhudumia, na Maulida akaambiwa mlangoni kwamba mgonjwa amelala. Akaambiwa hivyo Ijumaa tano.

Ya sita Nasor ndiye aliyempigia simu, alfajiri.

"Mama, wifi yako ametutoka."

"Inna lillahi. Nakuja, mwanangu. Maji yapashwe, nakuja na pamba."

"Mama, njoo. Lakini kaacha usia. Kasema asioshwe na wewe."

Alikwenda. Ndani, nyuma ya pazia, maji yalikuwa yakimwagika, na wanawake wa mkekani wakasogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Nasor alikuja kuchuchumaa mbele yake, macho mekundu.

"Kile kidonda," Maulida alimwuliza. "Kilifunga?"

"Kilifunga, mama. Kilifunga kabisa. Moyo tu ulisimama usingizini."

"Alhamdulillahi," alisema. Akainuka, akazunguka nyuma kwenye majiko, akauliza kisu kiko wapi, maana vitunguu vya watu wa matanga vilikuwa bado havijakatwa.