Mguu Mmoja kwa Mama Lugano

Usiku wa jana niliota darubini ya mpimaji imetoka yenyewe kwenye sanduku lake la njano, imesimama sebuleni kwetu kwa miguu yake mitatu, inaniomba sukari.

"Ya chai?" nikauliza.

"Ya kulamba. Tangu mchana sijala kitu ila milima."

Nikaipa kijiko kimoja. Ikalamba kwa kioo.

Lazima nieleze ilivyofika kwetu, maana sehemu hiyo si ndoto. Mpimaji alikuja jana mchana kupima mpaka kati ya kiwanja chetu na cha Mama Lugano. Akasimamisha chombo chake, akachungulia huku, akachungulia kule, mvua ya Tukuyu ikamwagika kama kawaida yake. Akaacha sanduku kwa bibi yangu, akasema atarudi asubuhi kumalizia. Ilibaki kona moja tu, na kwenye kona hiyo kuna choo chetu.

Choo hicho bibi alikichimbisha zamani, wakati hapakuwa na mpaka wala Mama Lugano. Mlango wake haujawahi kufunga. Unabakiza nafasi ya vidole viwili, kwa hiyo ukiwa ndani unaushikilia kwa mkono, na mtu akipita unakohoa. Mimi nimekohoa sana katika maisha yangu.

Jana Mama Lugano alisimama na mwavuli wake, akaniambia mbele ya mpimaji, "Tusekile mwanangu, choo kikiangukia upande wangu usiogope. Sitakibomoa. Utapiga hodi tu, kama watu wanavyopiga hodi, tusalimiane, halafu upite."

Asiyemjua Mama Lugano ataona ni jambo dogo. Salamu zake zinaanza na wewe, zinahamia kwa bibi yako, zinaenda kwa kuku, kwa mjomba wako aliyeko Chunya, kwa mguu wa huyo mjomba unaomsumbua. Ukidhani zimekwisha, anavuta kigoda. Na mimi ni mtu ambaye nikisalimiwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Sasa nifikirie nimebanwa, nimesimama barazani kwake, naulizwa habari za mguu.

Nililala na hofu hiyo. Na nilipoota, niliota nimebanwa.

"Naomba nipite," nikaiambia darubini. "Nakwenda uani."

"Hakuna anayekwenda uani," ikasema, "mpaka ijulikane uani ni kwa nani."

"Itachukua muda?"

"Kwanza Kipovu akae."

Kipovu ni mzee mdogo wa hewa. Anaishi ndani ya kichupa cha maji, tumboni mwa darubini. Mafundi wa kujenga nyumba wana ndugu zake kwenye pimamaji zao. Kazi yake ni kukaa katikati ya mistari miwili, na kabla hajakaa, lolote litakalosemwa linahesabika kuwa uongo. Tukanyamaza. Kipovu akasogea, akakaribia, akataka kukaa, akateleza upande wa kushoto.

"Nani amepumua?" akauliza.

"Mimi. Samahani, mzee."

"Basi pumua kwa zamu."

Nikageuza macho nisimtazame, nikaona chai yangu mezani imelala upande mmoja wa kikombe. Nikasema, "Chai imeinama."

"Chai haijawahi kuinama popote duniani," darubini ikasema. "Nyumba yenu ndiyo imeinama."

Nikatazama. Ni kweli. Kitanda cha bibi kilikuwa kinateremka polepole kuelekea mlangoni, na bibi ndani yake anakoroma akiteremka.

Chini ya darubini, katikati ya ile miguu mitatu, alikuwa ananing'inia Timazi. Huyu ni bwana wa shaba, yule wa kamba ambayo fundi hunyooshea ukuta, kichwa chini, na kichwa chenyewe kimechongoka. Nikaona heri nimuulize yeye.

"Baba, njia ya uani ni ipi?"

"Chini," akasema.

"Nikitoka mlangoni nikunje wapi?"

"Chini."

"Huyo hajawahi kukosea," darubini ikaninong'oneza.

Hapo Mama Lugano akaingia, bila hodi, na mwavuli wazi. Nyumba nzima ikalalia upande wake. Kipovu akakimbia mpaka mwisho wa kichupa na kugonga kichwa.

"Mama, ketini katikati!" darubini ikapiga kelele. "Mna uzito gani ninyi?"

"Hiyo ndiyo salamu ya kwenu?" Mama Lugano akavuta kigoda. Akainama kwenye kichupa. "Mzee, habari za humo majini? Baridi haikusumbui?"

Kipovu hajawahi kuulizwa hivyo tangu atengenezwe. Akatetemeka, akasogea taratibu, akakaa katikati kabisa bila kuambiwa.

"Na wewe baba, hivyo ulivyo, kichwa hakikuumi?"

"Chini," akasema Timazi.

"Pole sana."

Sasa hatuko sebuleni tena. Tumo ndani ya darubini, tumesimama kwenye sinia la kioo pana kama uwanja wa mpira. Pembeni mwa sinia, kuzunguka pande zote, wamekaa digrii mia tatu na sitini, wamebanana kama akina mama kwenye mkutano wa kliniki. Kila digrii amepakata dakika zake sitini. Kila dakika ina sekunde zake sitini, na sekunde zote zinalia.

"Tunasubiri nani?" digrii mmoja ananiuliza.

"Nasubiri kwenda uani."

"Na sisi tunasubiri wewe."

Naona digrii wawili waliokaa jirani wamepeana migongo. Mmoja ni Sifuri, mwingine ni Mia Tatu Hamsini na Tisa.

"Wamegombana?" naiuliza darubini.

"Kila mmoja anadai ndiye anayeanza. Wanaketi pamoja miaka yote na hawasalimiani." Inashusha sauti. "Sasa, Tusekile, wewe ndiwe umesimama kwenye kona. Mwangalie Mama Lugano. Kisha geuka umwangalie bibi yako. Ulivyogeuka, hapo katikati, hiyo ndiyo pembe. Sina uchawi mwingine."

Naangalia vidole vyangu vya miguu.

"Vidole havina pembe," darubini inasema. "Mtu mmoja hana pembe. Usipomwangalia mtu, tutakesha hapa."

Sekunde zinalia. Nainua uso.

Kumtazama tu, mwono wangu ukatoka machoni kama uzi wa kufumia, ukanyooka, ukajifunga kwenye pua ya Mama Lugano.

"Jamani," akasema, "kumbe huyu mtoto ana macho! Miaka yote hii nasalimia utosi."

Nikageuka polepole na uzi wangu. Digrii niliowapita waliinama mmoja mmoja uzi usiwang'oe vilemba. Nilipofika kwa bibi, aliyekuwa bado amelala kitandani mwake katikati ya sinia, digrii mmoja mnene akanyoosha mkono na kusema, "Umesimama kwangu!" Dakika moja mapajani mwake ikapiga kelele, "Na kwangu!" Kisha sekunde moja ndogo sana, inatiririka kamasi, ikasema, "Na mimi."

"Vizuri," darubini ikasema. "Sasa uso wa pili."

"Uso gani?"

"Mimi mwenyewe nimepinda kidogo. Hakuna chombo kisichopinda. Kwa hiyo kila pembe naipima mara mbili, mara moja hivi, mara ya pili nikiwa nimepindua kichwa. Nilichokosea kwa uso huu nakikosea kinyume kwa uso wa pili, navigawanya katikati. Na nyie vilevile. Mama Lugano, semeni kuhusu choo."

Mama Lugano akajiweka sawa kwenye kigoda. "Choo ni changu. Kiko kwangu, na hata mti ule wa parachichi unakiegemea kwa upande wangu."

"Pindua."

Kichwa cha Mama Lugano kikazunguka kwa nyuma, kidevu kikapita juu, kikarudi upande wa pili kama kifuniko cha sufuria. Akasema kwa sauti nyingine, "Choo ni chao. Mimi sina haja nacho, ninacho changu cha bati. Lakini tangu Lugano aende mjini, mtu pekee anayepita karibu na kwangu kila siku ni huyu Tusekile, akienda uani. Na anapita mbio."

Kichwa kikarudi. Akatengeneza kilemba kama mtu ambaye hakusema kitu.

"Tusekile."

Nikasema, "Choo ni chetu, na sitaki kuulizwa habari."

"Pindua."

Kupinduliwa kichwa hakuumi. Unasikia kama mtu anakufungulia dirisha kisogoni. Nikajisikia nasema, "Mama Lugano huwauliza watu wote habari zao na kungoja jibu. Siku nikiwa sina haraka, ningependa aniulize na mimi."

Ile sekunde yenye mafua ikavuta kamasi.

Darubini ikagawanya katikati. Uzi ukashuka kutoka juu, mweupe, umenyooka, na nilipotazama chini, sinia halikuwepo. Tulikuwa chooni kwetu, wote, na kitanda cha bibi. Uzi ukalala sakafuni, ukapita katikati ya zile sehemu mbili za kuweka miguu, ukatumbukia shimoni.

"Tayari," darubini ikasema. "Mguu wa kulia kwenu. Mguu wa kushoto kwa Mama Lugano."

"Na hodi je?" nikauliza. Hilo ndilo nililotaka kujua tangu mwanzo.

"Nusu ya hodi."

"Nusu ya hodi ni matusi," akasema Mama Lugano. "Mtu anasalimia au hasalimii."

"Hebu nipite basi!"

"Bado kufunga. Kipimo kinaanzia mahali na lazima kirudi palepale."

Tukauzungusha uzi viwanja vyote viwili, kwa kukimbia, mimi nimebana magoti, kitanda cha bibi nyuma yetu, Timazi akituelekeza, "Chini, chini." Tulipofika tulipoanzia, ncha mbili za uzi zilikataa kukutana. Ilibaki nafasi ya vidole viwili.

Kutoka kwenye nafasi ile kikachungulia kitu kidogo, chenye maji maji, kama kifaranga kisicho na manyoya.

"Ni nini hicho?"

"Hilo ni Kosa," darubini ikasema. "Lipo kila safari. Msiliogope."

"Litupeni shimoni," akasema Mama Lugano.

"Kosa halitupwi. Likitupwa, kesho linarudi limekua. Linagawanywa kwa wote waliosimama kwenye kona."

"Mimi sikukosea popote," akasema Mama Lugano.

"Wala mimi," nikasema.

"Sijauliza nani amekosea. Nimeuliza nani alisimama kwenye kona."

Tukatazamana. Kosa likatutazama, linatetemeka kwa baridi. Hapo bibi akaamka kwa mara ya kwanza katika ndoto nzima, akaketi kitandani na kufunga kanga. "Leteni langu. Likatwe dogo, nina meno matatu."

Basi darubini ikalikata kwa mguu wake mmoja. Kosa halikulia, tena lilionekana limefarijika. Bibi akala lake. Mama Lugano akafumba macho akala lake. Nikala langu. Lilikuwa na ladha ya ndizi zilizopikwa bila chumvi.

Ncha za uzi zikasogeleana. Nikasikia kitu kinasema "tak", kidogo sana. Shingo yangu ikanyooka, na nilipojaribu kuangalia vidole vya miguu, sikuviona. Vilikuwa mbali, kama viko Chunya.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Sanduku la njano lilikuwa pembeni, limefungwa. Bibi alikuwa anakoroma, kitanda chake mahali pake. Na nilikuwa nimebanwa kweli, si kidogo. Nikajitanda kanga, nikatoka mbio.

Mama Lugano alikuwa anafagia uwanja wake. Siku zote hapo nainamisha uso napita. Leo nikajaribu kuinama, shingo ikagoma. Nikajikuta namtazama usoni.

"Shikamoo, Mama Lugano."

Fagio likasimama. "Marahaba! Tusekile? Ni wewe umenisalimia?"

"Ndiyo, mama. Mmeamkaje?"

"Mimi sijui nimeamkaje, mwanangu." Alikuwa anajikanda kisogo, kichwa amekilaza upande. "Shingo imekaza kama nimebeba kuni usiku kucha. Halafu mdomoni nina ladha ya ndizi, zimepikwa hazina chumvi. Na jana nilikula ugali. Umewahi kusikia kitu kama hicho?"

Nikataka kumjibu, lakini hali yangu haikuruhusu.

"Narudi, mama. Narudi sasa hivi, tuongee."

Nikaingia chooni. Nikanyoosha mkono niushikilie mlango kama siku zote, nikauvuta.

Ukafunga.

Nikauachia. Ukabaki umefunga. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wote, toka juu mpaka chini, hakukuwa na pa kupitisha hata unyasi. Nikasimama humo gizani, mguu wa kulia kwetu, mguu wa kushoto kwake, na mpimaji hata hajafika.

"Na bibi ameamkaje?" Mama Lugano akauliza kutoka nje. "Na yule mjomba wa Chunya, mguu unaendeleaje?"

Sikukohoa. "Haujambo, mama," nikasema kwa sauti. "Ila anasema ukipata baridi unauma."

Nikamsikia anavuta kigoda.