Kompyuta Isiyofunguka

Kaka yangu Marsudi alitengeneza kompyuta kwa miaka ishirini na sita kwenye ghorofa ya tatu ya jumba la maduka hapa Surabaya, na muda wote huo tulikaa kibanda kimoja. Yeye alifungua mashine, mimi niliuza nyaya na kibodi. Watu walimletea kompyuta zilizokwisha kukata roho. Mwanafunzi amebakiza siku tatu awasilishe tasnifu. Mjane anataka picha za harusi. Marsudi alifungua skrubu nne, akachomoa diski, akaipachika kwenye mashine nyingine, na mali ya mtu ikarudi. Alikuwa akiniambia raha ya kazi yake ni hiyo, kumwona mtu akipata kitu alichokwisha kukililia.

Mkewe, Lasmini, alifundisha chekechea mpaka figo zilipomwangusha. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kuchujwa damu, akarudi hana nguvu hata ya kuvua viatu. Binti yao wa pekee, Ratri, alikuwa Taiwan kiwandani, na ameolewa huko huko. Aliposhika mimba, Lasmini alijua huenda asimwone mjukuu huyo akitembea. Akaamua kumwachia sauti yake. Angemsimulia mambo ya ukoo wetu tangu tulipokuwa Madiun, angemwimbia nyimbo za kubembelezea, angemwelekeza hata mapishi ya rawon yake, ule mchuzi mweusi ambao hakuna aliyewahi kuupatia.

Taabu ilikuwa kompyuta ya nyumbani. Marsudi aliiunda mwenyewe, kubwa kama sanduku la nguo, na feni zake zilivuma hata mtu akizungumza usikie upepo tu. Ratri alipokuja likizo ya Lebaran, Idi ya kumaliza mfungo, tumbo limeanza kuonekana, alimnunulia mama yake kompyuta mpya. Ilikuwa nyembamba kama sinia, kila kitu kimejificha nyuma ya kioo, na ikiwashwa haitoi hata pumzi.

Marsudi aliigeuza, akapapasa kingo zake kwa dole gumba. Hakuona skrubu hata moja.

"Hii ikifa, naingilia wapi?" aliuliza.

"Haitakufa, Bapak," Ratri alimjibu baba yake. "Na mama anataka kurekodi. Ile yako inanguruma."

"Memori wameilehemu, diski wameilehemu. Hiki si chombo cha kununua. Ni cha kutupa, ila bado siku yake."

"Bapak, si lazima kila kitu humu ndani kipitie mikononi mwako."

Sidhani alikusudia kumuumiza. Lakini nilimwona kaka yangu akiirudisha mezani polepole, akaenda uani kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Tangu siku hiyo hakuigusa tena.

Lasmini aliipenda. Asubuhi ambazo hakuwa na safari ya hospitali alifunga mlango wa chumba cha mbele, akazungumza nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Nilipopita kumsalimia aliniambia, "Hii inanisikiliza. Ya kaka yako ilikuwa inanijibu." Ratri alimwomba amtumie rekodi kidogo kidogo kwa simu, akakataa. Alisema hizo si za kutumwa. Zitasikilizwa humu humu ndani, mtoto akiletwa.

Alifariki mwezi wa Novemba, mtoto akiwa na majuma matano. Ratri hakuweza kusafiri. Alifika kwenye dua ya siku ya mia tangu msiba, amembeba binti yake, Wening. Wageni walipokwisha kuondoka na mikeka ikakunjwa, aliketi mbele ya ile kompyuta, mtoto mapajani, akaiwasha.

Haikuwaka. Akajaribu tena, akabadilisha waya, akabadilisha tundu la umeme. Kisha akamtazama baba yake, na Marsudi akaibeba kwa mikono miwili mpaka kibandani.

Alitumia siku mbili nzima. Aliipasha kingo moto hadi gundi ikalegea, akakiachanisha kioo kwa wembe. Ndani hakukuwa na diski ya kuchomoa. Vilikuwamo vichipu viwili vidogo kuliko ukucha, vimelehemewa kwenye bodi, na kila kilichomo kimefungwa kwa ufunguo uliokaa ndani ya chipu nyingine. Hiyo ya ufunguo ndiyo iliyoungua. Tuliipeleka bodi kwa fundi mmoja wa Jakarta ambaye Marsudi mwenyewe humheshimu. Baada ya juma moja alipiga simu, akatupa pole kama anayehani msiba.

Nilitarajia kaka yangu aseme alionya. Alikuwa na haki ya kusema. Badala yake alimketisha Ratri jikoni, nami nikiwepo, akamwambia jambo ambalo hata mimi sikulijua.

"Mama yako aliniomba ninakili rekodi zake. Mara mbili. Alisema, weka na kwenye diski yako, nisije nikapoteza. Kazi ya dakika kumi."

Ratri alimgeukia.

"Nikamwambia amwambie aliyeinunua."

Mtoto alikuwa akivuta kitambaa cha meza. Ratri aliutoa mkono wa mtoto taratibu, akaushika.

"Ulikuwa hapa kila asubuhi, Bapak. Ulisikia alichokuwa anasema?"

"Nilikuwa nafungua redio."

"Hata neno moja?"

"Siku moja alicheka," Marsudi alisema. "Alicheka sana. Sikwenda kuuliza."

Ratri alirudi Taiwan siku iliyofuata. Hakugombana naye. Ila akipiga simu alinipigia mimi, akaniuliza, "Paklik," yaani baba mdogo, "Bapak anakula?" nami nikamjibu anakula. Kibandani, wateja walipouliza kama kompyuta za namna ile zinafaa kununuliwa, Marsudi hakuhutubia tena kama zamani. Alimuuliza mtu anataka kuweka nini ndani yake. Wengine walidhani hataki kuuza, wakaenda kwa jirani.

Kwenye dua ya siku ya elfu moja Ratri alikuja tena. Wening alikuwa anakaribia miaka mitatu, hafungi mdomo. Wanawake walipomwita Ratri jikoni kupakua wali, alisimama kidogo katikati ya chumba, akatazama huku na huku, kisha akamweka mtoto mapajani mwa baba yake, akaenda.

Wening aliinyooshea kidole picha ya ukutani, Lasmini akiwa amevaa sare ya ualimu.

"Nani huyo?"

"Bibi yako," alisema Marsudi.

"Anasema nini?"

Kaka yangu alifungua mdomo. Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye mkeka, nikamngoja kama mtoto alivyomngoja. Akaanza kumweleza kwamba bibi alikuwa mwalimu, kwamba alipenda chai bila sukari, kwamba alizaliwa Madiun karibu na reli. Alipofika hapo akakwama. Mtoto akamwambia aendelee, naye akasema subiri kidogo, subiri, anakumbuka.