Wageni Walioondoka Bila Kula

Mimi Hudu nanunua mahindi na maharage Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi huku Uganda, nauza mjini Mbarara, na katika miaka yote hiyo nimejifunza jambo moja kuhusu Wakongo wa kule: ukiwatembelea, shida yao huioni. Unaona kitambaa cheupe cha kufuma juu ya meza. Meza yenyewe imeazimwa kwa jirani, kiti unachokalia kimetoka nyumba nyingine, na kuku unayemla ndiye aliyekuwa akitaga mayai ya watoto. Ukiuliza habari, ni nzuri. Mpaka ule, unawe mikono, ushibe, ndipo mwenye nyumba akohoe kidogo na kusema kinachomliza. Kabla ya hapo kusema ni aibu. Zamani ilinichekesha. Siku hizi hainichekeshi hata kidogo.

Aliyenifunza haya ni Pélagie, ambaye sisi wanunuzi tulimwita Mama Sonia. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa kijiji chao, mama wa watu, mwenye sauti ya kuamuru na mikono isiyotulia. Vita vya Kivu vilimnyang'anya mume na watoto, akabaki na mmoja, huyo Sonia. Sonia alizaa mara ya kwanza kwa kupasuliwa, mjini Mbarara, na mtoto hakuishi. Daktari akamwonya waziwazi kwamba mimba yoyote itakayofuata ni kisu tena. Asije akajaribu kusukuma, atapasuka ndani. Sasa alikuwa mjamzito tena, na mama yake alikuwa akimtazama anavyotembea kama mtu anayetazama yai mkononi mwa mlevi.

Tumaini lao lilikuwa wodi mpya ya wazazi. Serikali ilitoa fedha ijengwe karibu na kijiji, tena na chumba cha upasuaji, ili akina mama wasisafirishwe hadi mjini kwenye barabara ile ya vumbi na matope. Mkandarasi akajenga kuta, akaezeka, akapaka rangi ya buluu, akasimamisha kibao kikubwa barabarani, akaenda zake. Ndani hamkuwa na kitanda wala bomba la maji. Chumba cha upasuaji kilifungwa kwa kufuli na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Mkunga wao, Ancilla, aliendelea kuzalisha kwenye chumba cha zamani, na wale wa kupasuliwa akawapeleka Mbarara kwa gari la wagonjwa.

Basi siku moja ikaja habari kwamba kamati ya wabunge inakuja. Kazi yao ilikuwa ya kawaida, wanaifanya kila mwaka: kukagua fedha za serikali, zilitoka wapi, zikaenda wapi, kazi iliyofanywa iko wapi. Niliposikia nilifurahi kwa niaba ya Pélagie. Nikamwambia sasa kazi imekwisha, waingie tu, waone ukumbi mtupu na kufuli, wamtafute huyo mkandarasi hata chini ya godoro lake. Pélagie alinitazama kama nimemtukania wazazi.

"Papa Hudu," akasema, "kwenu mugeni anaingia mu nyumba ya bure? Batakula kwanza. Kisha kula tutabaambia yote."

Nyumba ya bure kwao ni nyumba tupu. Kijiji ni chao na wageni ni wao.

Wanawake wakaiandaa wodi ile kwa moyo wote, na hapo ndipo hasira yangu inapokwama, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri. Walisugua sakafu kwa maji waliyoyabeba kichwani kutoka mbali. Kila nyumba yenye kitanda ilitoa kitanda. Wakatandika shuka zao za kufuma, zile za harusi ambazo hulala sandukuni. Lile kufuli la chumba cha upasuaji liliwachukiza macho, kwa hiyo wakatundika pazia zito la maua mbele ya mlango. Halafu Pélagie akaona kwamba wodi yenye vitanda bila watu bado ni nyumba ya bure, akawalaza wajawazito, Sonia akiwa wa kwanza karibu na mlango. Tumbo lake lilikuwa bado dogo. Mama yake akaliongezea kwa kitenge kilichokunjwa chini ya shuka, na Sonia akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wabunge walichelewa. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja, Mheshimiwa Orpa, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambini Makenke, na Kiswahili alikijua cha huko huko kambini. Watu wakampenda mara moja kwa kuwa hakuhitaji mkalimani. Akatembea kati ya vitanda, akagusa shuka, akamshika Sonia mkono. Kijana wake wa kamera akapiga picha. Walipofika kwenye pazia Mheshimiwa akapunguza sauti, akawaashiria wenzake wasikaribie. Alidhani nyuma yake kuna mama anahudumiwa, akamstahi.

Ancilla alifungua mdomo aseme. Nilimwona. Pélagie akamwekea mkono begani, akamnong'oneza kwamba bado, waache wale kwanza, na Ancilla akatii.

Chakula kilikuwa tayari chini ya turubai: wali, kuku, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani. Pélagie alisimama kwenye njia na beseni la kunawia, birika, taulo jipya begani. Mheshimiwa akamshukuru sana. Akasema wana ratiba, chakula chao kimeandaliwa mjini, wakati mwingine watakula. "Lakini mama, kazi iko muzuri," akasema. "Hii wodi iko safi kushinda zote tuliona." Wakapanda magari. Pélagie akabaki amesimama na birika lake, na maji yalikuwa bado ya uvuguvugu.

Jioni ile kila mtu alibeba kitanda chake akarudi nacho kwake.

Baada ya majuma kadhaa nilikuwa dukani kwangu Mbarara, redio imewashwa, nachambua maharage. Wakatangaza habari za Bunge. Ripoti ya matumizi imepokewa, kituo hiki hivi, barabara ile vile, na kwamba wodi ya wazazi ya kule Nakivale imekamilika na inatoa huduma zote. Hakuna mbunge aliyeuliza swali. Wakaingia kwenye jambo lingine, nadhani lilikuwa la mbolea. Mimi nikabaki na maharage mkononi.

Ubaya wa ripoti ni kwamba inafanya kazi. Mkandarasi alilipwa salio lake. Kisha fedha za mafuta ya lile gari la wagonjwa zikapelekwa wilaya nyingine yenye shida zaidi, maana kwa nini mama wa Nakivale asafirishwe hadi Mbarara na wodi anayo mlangoni? Kwenye karatasi ni akili tupu. Ukiwa umekaa mezani hata wewe ungekubali.

Pélagie akaniomba nimpeleke kwa Mheshimiwa. Nilimpandisha kwenye pikapu juu ya magunia ya mahindi, tukafika ofisini kwake mjini, na sitamsingizia yule mama: alitupokea vizuri, akatuagizia chai. Pélagie hakuigusa. Mgeni sasa alikuwa yeye, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema shida yake kabla ya kunywa.

"Mheshimiwa, ile bitanda ni ya kwetu. Tulileta juu ya kukupokea. Kisha ninyi kwenda, kila mutu alirudisha yake."

Mheshimiwa Orpa akaweka kikombe chini. "Na nyuma ya pazia?"

"Kuko kufuli."

Mheshimiwa alikuwa na picha kwenye meza yake, ile ya Sonia kitandani anacheka, akaitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira usoni pake. Niliona uchovu.

"Mama, kwa nini hamukusema siku ile?"

"Hamukukula," Pélagie akasema.

Mheshimiwa hakuelewa. Alinitazama mimi nimfafanulie, nami nilijaribu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kusikika la kijinga, mpaka nikaacha. Akatueleza na yeye ya kwake. Ripoti imeshapitishwa. Kuifungua tena si jambo la mtu mmoja, litarudi kwenye ukaguzi wa mwaka ujao wa fedha, na yeye ataandika, ataongea na wenzake, anaahidi mbele ya Mungu. Aliyasema kwa unyenyekevu na nilimwamini. Pélagie aliuliza mwaka ujao wa fedha unaanza mwezi gani. Alipoambiwa, alihesabu kwa vidole juu ya goti, akasimama, akashukuru.

Njiani alisema kitu kimoja tu, kwamba mimba haijui mwaka wa fedha. Alikuwa tayari anajua, nadhani. Mimi nilikuwa bado najidanganya.

Uchungu ulimshika Sonia mapema kuliko walivyotarajia, alfajiri ya siku ya mnada, mvua inanyesha. Nilikuwa nimelala kule ili niwahi mzigo. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeoshwa, limeegeshwa, halina mafuta. Tukashusha magunia yangu kwenye matope, tukaweka godoro nyuma ya pikapu, na Pélagie akatandika ile shuka ya kufuma kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Ancilla akapanda naye. Wanaume wakashikilia turubai juu yao mvua isiwapige.

Barabara ilikuwa uji. Tulikwama, tukasukumwa na wachungaji wa Endiinzi waliokuwa wakipeleka ng'ombe mnadani, tukaenda, tukakwama tena. Nyuma yangu nilimsikia Sonia akilia, halafu akiomba, halafu simsikii. Nilikuwa nikijiambia amelala. Tulipofika Nyamitanga, mto Rwizi uko pale chini na mji unaonekana ng'ambo, Ancilla akagonga paa la gari kwa kiganja, taratibu, mara moja. Mtu anayetaka uharakishe hagongi hivyo. Nikaegesha pembeni. Nililia pale kwenye usukani na sioni haya kusema hivyo.

Tukamrudisha yeye na mtoto wake tumboni. Tuliwazika siku ya pili.

Mheshimiwa Orpa akaja msibani. Nilimpigia mimi, kwa hasira, nikidhani hatakuja. Alikuja na wenzake wawili wa kamati, bila kamera, viatu vimejaa matope. Wanawake walipoyaona magari walishtuka wakaanza kukimbia, huyu kiti, huyu kitambaa, huyu sahani za jirani. Pélagie alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa wazi. Akawasimamisha.

"Musilete kitu," akasema. "Leo baone vile tuko."

Wakasimama walipokuwa. Wabunge wakaingia ndani ya nyumba ile ya udongo ambayo haikuwa na kitu, wakabaki wamesimama, vichwa vinakaribia mabati. Nilikuwa nasema moyoni mwangu, vizuri, waone, wasimame mpaka miguu iwaume.

Lakini Pélagie alikuwa akiitazama miguu yao. Niliona anavyohangaika. Alishika mkeka, akauachia, akajifuta uso, kisha akainuka akatoka, na tukadhani amekwenda kulia. Alirudi amebeba kiti cha jirani kichwani. Akakifuta kwa ncha ya kitenge, akakiweka nyuma ya Mheshimiwa, akaenda kuleta kingine. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaleta beseni na birika, akawanawisha mmoja mmoja. Akaleta ugali na maharage ya matanga.

Wakala. Sijawahi kuona watu wakila kwa shida namna ile, lakini walikula, na Pélagie aliwangoja kwa subira yote, amekunja mikono. Wakanawa. Akawapa taulo.

Ndipo akakohoa kidogo, akasimama wima mbele yao kama mwenyekiti wa wanawake anavyosimama, akayasema yale aliyoyaandaa siku ile ya kwanza, neno kwa neno, hakubadilisha kitu.

"Baheshimiwa, mumekula, tunashukuru. Sasa tuko na kashida kadogo. Ile wodi haina kitanda, haina maji, chumba ya kupasulia iko na kufuli. Na mi niko na binti, Sonia. Ana mimba. Munganga alisema lazima bamupasule. Tunaomba mutusaidie mbele ya wakati yake kufika."

Hakuna aliyemsahihisha. Mheshimiwa Orpa alilishika taulo kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa, na Pélagie akakusanya sahani.