Manyoya ya Zambarau

Kwa mashine yake ya kukaushia nguo, mke mmoja hakuwa na mzaha: kabla ya kuiwasha, toa chujio, kwangua manyoya ya nguo yaliyonasa humo, rudisha. Jana alilisafisha kwa mkono wake mwenyewe. Leo kalitoa, kalikuta limejaa manyoya ya zambarau, na nyumba nzima haina nguo ya zambarau, hata soksi!

"Ya nani haya?" alimuuliza mumewe, akimsogezea manyoya puani.

"Haki ya Mungu sijui, mke wangu."

"Kumbe nguo imeingia humu na kutoka yenyewe, ina miguu?"

Mama mkwe, aliyefika wiki iliyopita na sanduku lake, alitikisa kichwa. Yeye mashine hiyo hakutaka hata kuisikia. Alisema inapika nguo, na nguo hukaushwa na jua. "Mchunguze vizuri, mwanangu," alimnong'oneza mke wa mwanawe. "Hata marehemu baba yake alikuwa na mambo yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Basi mume akanuniwa, hata chai akajimiminia mwenyewe.

Muda si mrefu mke alimpelekea mama mkwe maji ya kunywa chumbani. Alimkuta kajifunika blanketi la zambarau mpaka kidevuni. Akaligusa. Lilikuwa kavu, laini, lina joto kama mkate uliotoka kuokwa.

Wakatazamana.

"Jua la leo, mwanangu," alisema mama mkwe, "lilikuwa kali kweli."

Dirishani, mvua iliyoanza juzi ilikuwa bado inamwagika.