Chupa ya Bagandi

Neno lenyewe liliingia nyumbani kwa Anande, pale Akheri, kupitia kitambaa. Hope, binti yake, alirudi Jumanne kutoka Tengeru na mita kumi na mbili za nguo akazimwaga kwenye kochi. "Mama, rangi yetu ya siku ya posa ni bagandi." Anande akashika, akageuza. Bagandi ndiyo kitu gani? Si damu ya mzee hii, ile ile waliyoshonewa sare za kwaya akiwa msichana? Hope akacheka. "Mama naye! Damu ya mzee jina la kizamani, linatisha wageni."

Na kweli lilitisha, ila aliyetishika alikuwa Anande mwenyewe. Mzee wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, Elinami, mumewe, mwenye presha na miaka sabini na moja. Tangu Jumanne hiyo kila Anande alipokiona kitambaa, jicho lilimkimbilia mumewe.

Jumamosi saa nane mchana wenye posa wakaingia. Mwoaji alikuwa Allen, kijana wa Kichaga aliyekulia Sekei, mpole, msafi, aliyerudi mwaka juzi kutoka Ufaransa alikokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu. Mshenga wake alikuwa Hans, baba yake mdogo, mtu ambaye ukimpa nafasi ya kusema anachukua na ya jirani. Baada ya shikamoo, sala na ndizi nyama, Hans akasimama na chupa mkononi.

"Wakwe zetu, hii hamtaikuta dukani! Huko alikokaa kijana wetu ni mkoa, unaitwa Bagandi. Mvinyo wake ukaitwa jina la mkoa, na rangi ikaitwa jina la mvinyo. Watazameni mabinti walivyopendeza!"

Watu wakapiga makofi. Anande, aliyesimama mlangoni mwa jiko pamoja na wanawake wenzake, hakupiga. Neno lilikuja kama kitambaa, likageuka nchi ya mbali atakayosimuliwa na mkwewe maisha yote, na sasa limekaa mezani mbele ya mume wake, jekundu, zito.

Msimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miaka kumi na mmoja nyuma, Fanuel, mdogo wake Elinami, alipokea kibuyu cha mbege harusini akanywa kabla aliyekileta hajaonja. Siku ya tatu akafa. Hospitali walisema ini. Haya, walisema lao. Akheri nzima inajua kwamba mleta pombe huonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ndipo mwenyeji aguse, na Fanuel aliliruka hilo.

Hans alimimina glasi mbili, moja kwa Elinami, moja kwa Allen.

"Haya, kijana, onja tukuone," alisema Elinami.

Allen hakuigusa glasi. "Baba, naomba radhi. Mimi situmii."

"Nani kakwambia ulewe? Onja tu."

"Siwezi, baba." Jasho lilikuwa limemtoka usoni, na mikono aliificha chini ya meza.

"Ah, nitaonja mimi!" Hans akadakia.

"Chupa imeletwa na nani?" aliuliza Elinami.

"Na kijana, lakini..."

Elinami ni mtu wa haya. Kumwaibisha mgeni kwake ni sawa na kumpiga. Akakohoa, akasema basi tusigombane kwa kitu kidogo, akainua glasi yake.

Anande aliona mdomo wa mumewe ukielekea kwenye ile rangi. Wanawake hawasemi kwenye kikao cha posa. Alisema.

"Baba Hope, weka chini! Weka chini nimesema!"

Elinami akaweka. Kila kichwa kiligeuka.

"Kama haina kitu, aonje," alisema Anande. "Asipoonja, wabebe chupa yao na posa yao."

Hope alimshika mkono. "Mama, nakuomba. Twende nje nikwambie jambo."

"Utaniambia akishaonja."

"Mama, dakika moja tu!"

"Nyamaza, Hope! Baba yako mdogo Fanuel unamkumbuka wewe?"

Mtoto hana hatia, lakini Hope alikuwa na kosa moja: alimheshimu mama yake mbele za watu. Akanyamaza. Allen alimtazama Hope, naye Hope akatikisa kichwa, usifanye. Allen akatazama wazee, akamtazama mshenga wake anayemkonyeza. Akainua glasi, akaonja.

Anande akawa anasubiri povu, anasubiri aanguke, anasubiri chochote. Kijana akameza, akafumba macho, akabaki ameketi vile vile. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. "Nilisema mimi!" alipaza Hans. Elinami akacheka kwa furaha ya kuokolewa aibu, na Anande akafumba macho. Asante Yesu, alisema moyoni, asante Yesu.

Alipofumbua macho, glasi ya Allen ilikuwa tupu.

Allen alivuta chupa mwenyewe, akajaza hadi ukingoni, akanywa kama mtu aliyetoka kulima juani. Mikono haikutetemeka tena. Akajaza ya tatu. Hope akaweka kiganja juu ya glasi, na Allen akakiondoa taratibu, kidole kimoja kimoja, bila kumtazama.

Hope akamgeukia mama yake. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Huko mashambani walimwokota mtaroni mara mbili, mama, amezimia. Miaka miwili hakugusa hata tone. Ndilo nililotaka kukwambia nje."

Anande alisahau wazee, alisahau kikao. Alikwenda mezani akaishika chupa kwa mikono miwili.

"Allen, mwanangu, basi. Inatosha, mwanangu."

Kijana alitabasamu, mara ya kwanza tangu aingie, akavuta chupa upande wake.

"Kidogo tu, mama," alisema. "Si ulisema nionje?"